Ambokile Wawili na Madaftari Manne

Mjukuu wangu Neema ana kazi ambayo nikijaribu kuieleza kanisani wanawake wenzangu wananitazama kama mtu aliyekunywa ulanzi asubuhi. Anatunza seva ya gemu. Mimi mwenyewe nimeelewa nusu: kuna kompyuta moja imewekwa mahali, vijana wa Mbeya na Iringa na hata wa ng'ambo ya Tunduma wanaingia humo kwa simu zao na kucheza mchezo mmoja, lakini mchezo wenyewe si ule uliotoka dukani. Neema na wenzake wameufumua wakaushona upya. Wameongeza milima, wameondoa bunduki, wameweka ng'ombe. Ninamwonea fahari, na asiyependa kusikia nikimsifu asikae karibu nami kwenye benchi. Desemba iliyopita alikuja kwangu na kompyuta yake akaiweka kwenye meza ya kulia, mimi upande wa pili nachambua maharage, akaanza kupanga kitu alichokiita databesi. Nikamuuliza ndiyo mdudu gani. Akasema, "Ni majedwali tu, Bibi. Jedwali la wachezaji, jedwali la mechi, jedwali la sheria. Ujanja wake ni kwamba jina la mtu linaandikwa mahali pamoja. Kwingine kote ni namba yake. Akibadili jina, unalibadili pale tu, na kote linakuwa limebadilika."

"Nani kakufundisha hayo?"

"Chuoni, Bibi. Ni jambo la kawaida. Aliyeligundua alikuwa na akili kweli."

"Siyo Desderia?"

"Desderia ndiye nani?"

Nikamwambia si mtu, aendelee na kazi yake. Lakini nina miaka sabini na kidogo, meno ya kutafunia yamebaki upande mmoja, na wivu ulinipanda pale pale kama kiungulia, mbichi, kama vile Desderia amesimama mlangoni na gauni lake la bluu na penseli imechomekwa kwenye nywele. Nilichambua maharage mpaka nikaanza kutupa yaliyo mazima.

Basi nitausema mwaka ule, kwa sababu watu wakisikia wivu wa mwanamke hudhani palikuwa na mwanaume katikati. Afadhali angekuwa mwanaume. Mwanaume anagombewa, mmoja anampata, mwingine analia, yanakwisha. Mimi niligombea kitu ambacho hakishikiki. Niligombea kuulizwa.

Ilikuwa miaka ya sabini, reli inakaribia kumalizika, na Mbeya imejaa watu ambao hawakuzaliwa Mbeya. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na darasa langu la nne, nikipika kwenye kantini ya Mama Tumaini, nyuma ya karakana ya mbao. Kantini ilikuwa chumba kimoja kirefu cha matofali mabichi, bati juu, moshi kila mahali, madirisha mawili yanayotazama mlima. Asubuhi tulipika chai ya maziwa na mihogo. Mchana ugali na majani ya maboga, au ndizi za Tukuyu na maharage, na siku gari la Kyela likifika tulikuwa na mbasa wakavu, samaki wa ziwani, ambao harufu yao ilikaa kwenye kitambaa changu cha kichwa mpaka Jumapili. Jumamosi mchana kazi zikiisha meza zilifutwa, na wanaume walileta bao.

Mwanzo bao lilikuwa ugomvi mtupu. Msafwa anacheza hivi, Mnyakyusa vile, Mhehe anasema kwao kete hazizunguki namna hiyo, dereva wa Zambia anawacheka wote. Siku moja walivutana mpaka ubao ukaanguka ukapasuka shimo la pembeni. Fundi mmoja wa karakana, Ambokile, mtu mpole asiyezidisha maneno matatu, aliuchukua, akaurudisha Jumamosi iliyofuata umezibwa kwa kipande cha debe la mafuta ya kupikia. Lile shimo likawa na bati chini, na kete ikidondoka humo inalia ti! Akauliza, "Na kete ikiingia humu, kwa nini isilale?" Wakajaribu. Kete iliyoingia kwenye bati haikuliwa tena na mtu, ililala, wakaliita shimo lile ghala. Kutoka hapo wakageuza na mengine, sheria hii wakaitoa, ile wakaitia, mpaka likawa bao ambalo halikuwa la kabila la mtu yeyote. Tuliliita bao la kiraka. Halikuchezwa kwingine popote ila kwa Mama Tumaini, na watu walitoka Usangu na mpunga wao, wakauza, kisha badala ya kurudi nyumbani wakaja kukaa kwetu.

Na nani alijua kila kitu cha bao la kiraka? Mimi. Sikuwahi kucheza, mwanamke hakukalishwa ubaoni, lakini nilipita na birika kati ya meza na macho yangu yalibeba. Nilijua nani kamfunga nani, lini, kwa ubao upi, alianzia shimo gani. Mama Tumaini alinipa kaunta buku moja kubwa, nikawa naandika kwa mwandiko wangu wa darasa la nne, herufi zimelala kama mahindi baada ya upepo. Kusema kweli buku lile lilikuwa la mapambo. Kitu kilikuwa kichwani. Wakibishana, mtu alipiga meza na kusema, "Muulize Sekela!" Nami nilikuja pole pole, nikafuta mikono kwenye kanga, nikasema. Nilichosema kilikuwa kimekwisha. Wanaume wenye ndevu, wenye vyeti vya udereva, wananyamaza kwa neno langu. Hamjui utamu wake. Nilikuwa nalala nao, naamka nao.

Desderia alikuja mwezi wa tatu. Alikuwa binti wa kutoka Igowole, umri kama wangu, Mkatoliki, mrefu, mikono myeupe kwa kukosa jiko. Alikuwa amefanya kazi kwenye zahanati ya masista huko kwao, kazi ya kupanga kadi za wagonjwa, na kwetu alikuja kusaidia kuhudumia meza. Alisalimia kila mtu kwa salamu ya kwao, "kamwene", hata Wanyakyusa, na hawakukasirika, hilo nalo liliniudhi. Chai yake ilikuwa nyepesi. Ugali wake ulikuwa na mabuja. Nikamweka kwenye kundi la watu wasio na hatari.

Mwezi wa tano nikashikwa na malaria, nikalala wiki tatu kwenye chumba cha nyuma, nikisikia kupitia ukuta kete zikilia kwenye bati na watu wakibishana. Wiki ya kwanza nilisikia, "Sekela angekuwepo!" nikatabasamu na homa yangu. Wiki ya pili nikasikia wamefungua buku langu. Sauti ya Mama Tumaini: "Huyu Anyosisye ni nani? Mbona ana ushindi mmoja tu?" Mwingine akajibu, "Si ndiye Yohana huyo, alibatizwa." Mwingine: "Yohana si ndiye Baba Subira sasa?" Kicheko. Kumbe ndani ya buku langu mtu mmoja alikuwa watu watatu: nilimwandika Anyosisye alipofika, Yohana alipobatizwa, na Baba Subira alipopata mtoto, maana ndivyo alivyoitwa siku hizo, na kichwani kwangu hapakuwa na shida yoyote. Na kinyume chake, Ambokile walikuwa wawili. Fundi wetu wa mbao, na mwingine, utingo wa lori, kijana wa Tukuyu mwenye maneno mengi na kofia. Buku langu liliandika "Ambokile" na kunyamaza. Nikasikia mtu anasema, "Hili buku la Sekela linahitaji Sekela alisome." Wakacheka tena. Nilivuta blanketi mpaka usoni.

Wiki ya tatu kulikuwa kimya ukutani. Kimya hicho ndicho kilichopaswa kuniamsha.

Nilipotoka, nimekonda, kanga inanizunguka mara mbili, nilikuta madaftari manne juu ya rafu, yamefunikwa karatasi ya gazeti, kila moja limeandikwa mgongoni. Daftari la Watu. Daftari la Mbao. Daftari la Sheria. Daftari la Michezo. Desderia alinieleza bila kuniringia, na hilo lilikuwa baya zaidi. Kila mtu amepewa namba, hapewi nyingine mpaka afe. Jina lake, majina yake yote, jina la ubatizo, jina la mtoto wake, yamo kwenye Daftari la Watu, mstari mmoja. Akizaa kesho, jina jipya linaongezwa pale. Kila ubao una namba. Kila sheria tuliyobadili ina namba, ili mtu asije kudai ushindi wa zamani kwa sheria ya leo. Na Daftari la Michezo halina jina hata moja: tarehe, namba ya mtu, namba ya mtu, ubao, sheria, mshindi. Michezo ya zamani aliinakili kutoka buku langu, akiwauliza wachezaji wenyewe. "Masista walituwekea hivyo," akasema. "Mgonjwa anaweza kuja leo ni Maria, kesho ni Mama Joseph, dawa ikaenda kwa mtu mwingine. Namba haiolewi." Baba Subira alikuwa ameketi hapo na uji wake. Akasema, "Mimi ni wa kumi na mbili, dada Sekela! Wakinibatiza mara ya pili nitabaki wa kumi na mbili!" Alikuwa na furaha kama mtoto aliyeshonewa shati.

Jumamosi ile walibishana kuhusu mchezo wa mwezi wa pili. Nikaweka birika chini, nikafuta mikono. Mtu akapiga meza. Akasema, "Desderia, hebu tazama."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Mnajua mdomo uliofunguka na hakuna aliyeutazama? Nikaufunga, nikachukua birika, nikamjazia chai mtu ambaye kikombe chake kilikuwa kimejaa.

Miezi mitatu niliishi hivyo. Nilipenda siku madaftari yanapokosea, lakini hayakukosea. Mara moja nilisema kwa sauti, "Hapana, nakumbuka, siku ile alishinda Msangu," na Desderia akafunua, akaweka kidole, na kweli nilikuwa nimechanganya Jumamosi mbili. Mara moja tu, na baada ya malaria! Mama Tumaini akacheka na tumbo lake lote, akapiga kofi ukutani, akatoa tangazo: "Kuanzia leo humu ndani hapasemwi 'nakumbuka'. Anayekumbuka akakumbukie kwao. Hapa tunatazama!" Watu wakaipenda sana. Ikawa mzaha wa kantini. Mtu akianza tu, "Nakum..." wote wanapiga kelele, "Akakumbukie kwao!" Nami nilicheka pamoja nao, kwa sababu ukikataa kucheka wanajua walipokupiga.

Ndipo likaja jambo la Iringa. Madereva walikuwa wamelipeleka bao letu kule, na wacheza bao wa Iringa mjini wakatuma ujumbe: leteni watu wenu saba bora, mwezi wa kumi, tuone. Atakayeshindwa anaacha ubao wake kwa mwenzake. Ubao wetu ulikuwa ule ule wa kwanza, wenye bati la debe, kazi ya mikono ya Ambokile fundi. Saba bora wangetoka kwenye madaftari. Hapakuwa na shaka yoyote nani angekuwa wa kwanza: fundi alikuwa anawafunga wote, kimya kimya, halafu anarudi kupiga randa. Alikuwa hajawahi kuvuka Chimala maishani mwake. Nilimsikia kupitia dirisha akimwambia mwenzake, "Nimeshona shati." Maneno mawili. Lilikuwa shati la kijani kibichi, la mifuko miwili, na alilileta kantini ndani ya gazeti, akalionyesha kila meza, akalirudisha kwenye gazeti.

Siku ya Alhamisi kabla ya orodha kusomwa, Desderia alikwenda sokoni kununua chumvi. Kantini ilikuwa tupu, maharage yanachemka. Nikashusha Daftari la Watu. Sikuwa na mpango mkubwa, nilitaka tu kitu ndani ya vitu vyake kipinde. Nikaona namba tisa: Ambokile, fundi wa mbao. Namba ishirini na tatu: Ambokile, wa Tukuyu, utingo. Nikachukua raba. Nikafuta "fundi wa mbao" nikaandika "wa Tukuyu, utingo." Nikafuta upande wa pili nikaandika "fundi wa mbao," nikiiga mwandiko wake uliosimama wima, ulimi nje kama mtoto. Hazikufika dakika tano. Ni pale, raba mkononi, ndipo nilipoelewa kazi ya Desderia ilikuwa nzuri kiasi gani. Kwenye buku langu, kumharibia mtu ningepaswa kufuta mahali sitini. Kwake nilifuta mawili, na miezi yote ya ushindi wa mtu ikahamia kwa mtu mwingine bila mchezo mmoja kuguswa. Niliuona uzuri wake kwa kuuvunja. Nikazidi kumchukia.

Niliwaza hivi: Jumamosi atasoma orodha, atasema utingo ni wa kwanza, watu watamzomea, watageuka, watasema muulize Sekela. Nami nitasema ni fundi, na madaftari yatarudi rafuni kulala.

Jumamosi akasoma. Aliyeongoza kwa hesabu ya ushindi alikuwa mwenye namba tisa; akafunua Daftari la Watu kutafuta jina, akasita. Nilimwona akisita. Akasoma, "Ambokile wa Tukuyu." Utingo mwenyewe akavua kofia, akasema, "Mimi?" Mzee mmoja wa Usangu akasema, "Lakini mbona nakum..." na kantini nzima, kwa mazoea, kwa kicheko, ikapiga kelele: "Akakumbukie kwao!" Ikaishia hapo. Utingo akarudisha kofia kichwani, akaanza kupokea mikono. Sikuulizwa na mtu. Nilisimama pale na jibu mdomoni, na kama ningelitoa bila kuulizwa wangenipigia kelele ile ile. Fundi hakubisha. Na ushindi wa utingo, ambao sasa ndio uliokuwa wake, haukutosha hata kumfikisha wa kumi, kwa hiyo fundi akawa nje kabisa. Alisimama, akatikisa vumbi la mbao kwenye suruali, akasema, "Basi nitalivaa Krismasi." Nilikwenda jikoni nikakoroga ugali ambao ulikuwa umeshaiva.

Tulisafiri kwa basi, wachezaji saba, Desderia na madaftari yake, mimi kama mpishi, ubao umefungwa kwenye blanketi. Igawa, Makambako, Mafinga, misonobari na baridi. Watu wa Iringa walitupokea vizuri kupita kiasi, wakatulaza hosteli ya kanisa, wakatupa makande na maziwa mgando. Jumamosi mchana wakacheza. Baba Subira alishinda. Msangu alishinda. Mpaka michezo sita ilikuwa tatu kwa tatu. Wa saba alikuwa utingo, tulimweka mwisho kama mtu bora, na yule Mhehe aliyekaa mbele yake, mwalimu mwenye miwani iliyofungwa uzi, alimmaliza kabla chai haijapoa. Utingo alikaa anatazama mashimo matupu. Akasema, "Jamani, mimi niliwaambia. Niliwaambia 'Mimi?'" Wakaubeba ubao. Kete moja ilikuwa bado ghalani, nikaisikia ikilia wakati wanatoka nao.

Jumapili asubuhi wengine walikwenda misa. Mimi na Desderia tulikuwa chumbani, chumba cha vitanda viwili vya chuma, ukuta umepakwa chokaa, dirisha lina ukungu. Alikuwa amekaa kitandani na Daftari la Michezo magotini. Akasema bila kunitazama, "Sekela, nikuulize kitu."

"Uliza."

"Siku ya mvua ya mawe, bati lilipopiga kelele mpaka hatukusikiana. Nani alimfunga Baba Subira?"

"Ambokile."

"Yupi?"

Nilijua. Sikuwa mjinga, nilijua pale pale ninapelekwa wapi. Lakini sikilizeni: miezi mitano hakuna mtu aliyeniuliza kitu. Na sasa aliyeniuliza alikuwa yeye. Nikasema, "Fundi. Alianzia shimo la tatu, akalaza kete nne ghalani, Baba Subira akamwaga chai."

"Na Jumamosi iliyofuata?"

"Fundi tena. Na yule dereva wa Zambia."

"Na siku Mama Tumaini alipochinja kuku wawili?"

Nikamwambia. Nikamwambia yote. Alikuwa anaweka alama kwa penseli, moja baada ya nyingine, na mimi nimesimama katikati ya chumba, mikono inaeleza, nazunguka kete hewani, nacheka, nimesahau baridi, nimesahau nilichofanya. Nilijinyonga kwa furaha kabisa. Alipofika mwisho wa ukurasa akafunga daftari hilo, akafungua la Watu, akanigeuzia. "Karatasi imeota manyoya hapa," akasema. "Mimi sifuti, Sekela. Nikikosea nakata mstari mmoja, kosa linabaki lionekane. Masista wangenifukuza kwa raba."

Nilikaa. Springi za kitanda zikalia.

"Unajua kwa nini naandika?" akaniuliza. "Kwa sababu sikumbuki. Nimeshasahau hata jina la mwalimu aliyetufunga jana. Ningekuwa na kichwa chako nisingenunua hata daftari moja." Mpaka leo sijui kama alinisifu au alinipiga. Kisha akachukua penseli, akakata mistari miwili, akaandika upya juu yake, fundi wa mbao, utingo. Akaenda misa kwa kuchelewa.

Jumatatu jioni kantini ilijaa. Nilikuwa nimeshajiandaa kufukuzwa, vitu vyangu nimevifunga. Desderia akasimama mbele ya rafu, akasema, "Kosa ni langu. Nilichanganya namba za akina Ambokile. Aliyestahili kwenda ni fundi. Fundi, nisamehe." Hakunitazama. Watu walikasirika, ubao ulikuwa umeondoka, Mama Tumaini alimwambia maneno ambayo sitaki kuyaandika na mjukuu atasoma. Fundi alinyanyuka, akampa mkono. Akasema, "Yamekwisha, dada." Nami mlangoni pa jiko, mnajua nilihisi nini? Mngetaka niseme niliona aibu. Aibu ilikuja baadaye, miaka baadaye, ikaja na mizigo yake yote ikakaa. Lakini siku ile nilihisi wivu. Walikuwa wanamtazama kwa macho ambayo hawakuwahi kunitazama nayo hata enzi zangu. Hata kosa langu alilichukua, na likampendeza.

Mwezi haukuisha akarudi Igowole. Mama Tumaini hakumfukuza, alimnunia tu, na kununiwa na Mama Tumaini kulikuwa kama kukosa hewa. Madaftari yalibaki, na hapakuwa na mwingine wa kuyashika isipokuwa mimi. Nikayashika. Nikayaandika kwa njia yake, namba kwa namba, na sikufuta tena kitu, nilikata mstari mmoja. Watu wakarudi kusema muulize Sekela. Nikiulizwa nilikwenda rafuni kwanza.

Sasa niseme lililobaki. Mwaka uliofuata, fundi alianza kuleta maranda ya kuwashia jiko langu, kila asubuhi, bila neno. Kisha maneno yakaja, matatu matatu. Akanioa. Ni baba wa wanangu watano, babu yake Neema, nilimzika mwaka juzi, na katika maisha yetu yote hakujua. Kila mtoto wetu aliposema uongo, alimkalisha mezani kwangu, mbele ya chakula changu, akamsimulia habari za msichana mmoja wa Igowole aliyesimama mbele ya watu wazima na kusema kosa ni langu. "Huyo alikuwa mtu," alisema. "Hata mama yenu alikuwepo, ataniambia kama nadanganya." Watoto wananitazama. Mimi nachota mboga. "Ndivyo ilivyokuwa," nasema. Miaka arobaini na zaidi amesifiwa mwanamke yule kwenye meza yangu, kwa sauti ya mume wangu, na kila mara nimeletwa mimi kuwa shahidi.

Mara ya mwisho ilikuwa mwaka wake wa mwisho, ameshakuwa mwepesi kama maranda yake, namlisha uji kwa kijiko. Alikuwa ametulia siku nzima. Akanishika kifundo cha mkono, akaniuliza, si mbele ya watoto, mimi peke yangu, kwa nguvu zake zote za kuuliza: "Sekela. Wewe una kichwa. Yule msichana hakuwa mtu wa kukosea namba. Ilikuwaje akakosea?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza swali nikalijua jibu lake vizuri namna ile. Kijiko kilikuwa hewani.

"Kula," nikamwambia. "Uji unapoa."

Akala.